Chelo katika muziki wa chemba wa kisasa: mwongozo kamili wa kuandaa kazi, tangu kuichagua hadi jukwaani

Mwongozo huu ni wa mpiga chelo anayesoma noti bila kubabaika, ambaye ameshapiga trio au kwarteti za akina Haydn na Beethoven, na sasa anataka kuingia kwenye kazi za karne ya 20 na za leo. Wenzake wa kikundi nao wausome, maana nusu ya kazi ni yao.

Katika muziki wa zamani chelo ilijua pa kukaa: chini, ikishika besi, na mara mojamoja ikiachiwa wimbo. Watunzi wa kisasa wameivuruga desturi hiyo. Trio ya Piano Na. 2 ya Shostakovich, ya mwaka 1944, inaanza na chelo peke yake, ikiwa imevishwa kiziba sauti, ikipiga harmoniki (sauti nyembamba zinazotoka kidole kikiugusa uzi juujuu tu) za juu sana. Fidla inapoingia, inaingia chini yake, na piano chini zaidi. Asiyeona jukwaa ataapa kwamba aliyeanza ni fidla. Kwa hiyo kila ukurasa una swali lake, nami nitalirudia mpaka ulichoke: hapa chelo ni sakafu, ni sauti ya mbele, au ni mlio tu, yaani rangi ya sauti isiyo wimbo wala sakafu? Kikundi kisicholijibu kitapiga noti zote sawasawa na bado msikilizaji ataambulia vurugu.

Hatua ya kwanza: chagua kazi inayokufaa sasa

Wengi hukimbilia kazi ngumu kuliko zote ili waonekane wa kisasa. Mimi nashauri kanuni moja tu: kazi ya kwanza isiwe na mbinu ngeni zaidi ya mbili. Ikiwa na harmoniki za kubuni na pia mpangilio mpya wa nyuzi, hizo zinatosha. Usiongeze umeme na robo toni (nusu ya nusu toni) juu yake.

Mlango mzuri ni Sonata ya Fidla na Chelo ya Ravel (1920–22). Ni ya zamani kidogo, lakini imeandikwa bila piano, kwa hiyo vyombo viwili vinabeba kila kitu na chelo hupanda juu ya fidla mara kwa mara. Mwingine ni sonata ya Britten ya chelo na piano ya mwaka 1961, iliyoandikwa kwa ajili ya mpiga chelo Rostropovich. Sehemu yake ya pili yote ni pizikato, nyuzi zikidonolewa kwa vidole, hakuna upinde hata kidogo. Ukitaka noti chache na upinde mrefu, kuna Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt (1978), iliyoandikwa kwa fidla na piano lakini hupigwa sana kwa chelo. Usidanganywe na uchache wa noti. Hapo kila mtetemo wa mkono wa kulia unasikika.

Kundi la pili ni Quatuor pour la fin du temps ya Messiaen, yenye klarineti, fidla, chelo na piano, iliyopigwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941 katika kambi ya wafungwa wa vita ya Stalag VIII-A huko Görlitz. Sehemu yake ya tano ni ya chelo na piano peke yao, polepole kupita kiasi, na wawili mnaweza kuiandaa kabla ya kuwaita wengine. Ukimaliza hapo ndipo uguse Cendres ya Kaija Saariaho (1998), ya filimbi ya alto, chelo na piano, au Vox Balaenae ya George Crumb (1971), ya filimbi, chelo na piano, vyote vikiwa vimeunganishwa na umeme. Helmut Lachenmann mwache mpaka umeizoea mikono yako upya. Sababu utaiona katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: pata nakala halali, tena yenye sauti zote

Kazi nyingi za watunzi walio hai au waliofariki karibuni bado ziko chini ya hakimiliki. Nyingine huuzwa, nyingine hukodishwa tu na mchapishaji kwa muda maalumu. Uliza mapema, kwa sababu nakala ya kukodi hufika ikiwa imechelewa na huondoka ikiwa bado unaihitaji.

Usikubali kuanza na karatasi ya chelo peke yake. Muziki huu haueleweki kwa sauti moja: utaona vipimo tisa vya kimya, kisha noti moja fupi yenye nguvu nyingi, usijue unamjibu nani. Kazi kadhaa hupigwa kwa kusoma nakala ya sauti zote hata jukwaani, na ndiyo maana siku hizi wengi hutumia tableti yenye kanyagio la kufungulia kurasa. Ukibaki na karatasi, gundisha kurasa ziwe bango moja refu la stendi mbili, na jaribu kuzigeuza katika mazoezi ya kwanza, si ya mwisho.

Mtunzi akiwa hai na anapatikana, mwandikie. Lakini kusanya maswali yote kwanza, yaandike mara moja, kila moja likitaja namba ya kipimo. Swali la "hapa ulimaanisha nini?" halina jibu, swali la "katika kipimo cha 34, upinde ubaki kwenye daraja hadi mwisho wa noti au urudi?" litajibiwa kwa mstari mmoja.

Hatua ya tatu: soma bila chombo

Ukurasa wa maelezo mwanzoni mwa nakala ndio muziki wenyewe unapoanzia. Alama hazifanani kati ya mtunzi na mtunzi. Pembetatu kwa mmoja ni noti ya juu kabisa ya uzi. Kwa mwingine ni upinde nyuma ya daraja. Tengeneza jedwali lako dogo la alama kwa lugha yako mwenyewe na ulibandike ndani ya jalada.

Kisha chukua penseli za rangi tatu na upite nakala nzima ukitia alama swali letu: rangi moja pale chelo ilipo sakafu, ya pili ilipo sauti ya mbele, ya tatu ilipo mlio. Kwa sakafu simaanishi besi tu. Sakafu ni yule ambaye wengine wote wanajipanga juu yake, kwa sauti au kwa mapigo. Katika ufunguzi wa Shostakovich niliotaja, chelo ndiyo ya juu kwa sauti na ni ya mbele. Piano inapoingia chini kabisa, sakafu imehamia kwake, nawe huna budi kujipanga kwa mwendo wake ingawa wewe ndiye uliyeanza. Sehemu utakazoshindwa kuzipaka rangi, ziandike pembeni: hizo ndizo mtakazobishania katika mazoezi.

Rekodi sikiliza baada ya hapo, si kabla, na ziwe mbili za wapigaji tofauti. Ukisikiliza moja tu utaiga hata makosa yake.

Hatua ya nne: tengeneza milio, kisha noti

Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, na ndipo nitakapokaa zaidi. Kila siku, kabla ya kugusa kazi yenyewe, toa dakika ishirini kwa milio peke yake kwenye nyuzi tupu.

Anza na mahali pa upinde. Sul tasto ni juu ya ubao wa vidole, sauti laini isiyo na makali. Sul ponticello ni karibu na daraja, na wengi hukaa mbali mno, wakapata sauti iliyochacha kidogo tu. Sogea mpaka sauti ya msingi ianze kupotea na milio ya juu ivunjike kama kioo. Ndipo urudi unywele mmoja. Zoezi: noti ndefu kwenye uzi wa G, upinde mmoja, ukisafiri toka ubao wa vidole hadi daraja kwa mapigo nane, bila kuongeza nguvu. Ukishaweza kusafiri kwa kasi moja, Saariaho ataacha kukutisha, kwani muziki wake umejaa mishale ya safari hiyo hiyo.

Harmoniki za asili zina hesabu zake. Uzi wa A hulia kwa hezi 220. Gusa katikati upate 440, theluthi upate 660, robo upate 880. Hadi hapo piano haitakugombeza. Tatizo ni za juu. Harmoniki ya tano ya uzi wa C ni E, lakini iko chini ya E ya piano kwa senti 14, yaani karibu sehemu moja ya saba ya nusu toni. Ya saba, B bemoli, iko chini kwa senti 31. Mtunzi akiiandika peke yake, huo ndio uzuri wake, usiiguse. Akiiandika pamoja na piano kwenye noti ileile, muulize kama anautaka mgongano huo au upige kwa kidole cha kawaida.

Harmoniki za kubuni hupigwa kwa kidole gumba kikibana uzi kabisa na kidole cha tatu kikigusa tu, umbali wa noti nne juu yake. Sauti hutoka oktava mbili juu ya gumba. Zikikataa kutoka, kosa mara nyingi liko kulia: upinde uko mbali na daraja au unakwenda polepole mno. Ongeza kasi, punguza uzito.

Katika Vox Balaenae kuna mlio wa shakwe, na ni rahisi kuliko unavyosikika. Anza juu kwenye uzi, gumba na kidole cha tatu vikiwa na upana wa oktava. Kidole cha juu kiguse tu. Sasa teleza mkono mzima kuelekea vigingi bila kubadilisha upana huo hata kidogo. Kwa kuwa nafasi kati ya noti zinazidi kupanuka kadiri unavyoshuka, mkono uleule unakuwa wa noti sita, kisha tano, kisha nne, na harmoniki inaruka juu tena kila mara kabla ya kushuka. Hizo ndizo kelele za ndege. Kosa la kila mtu mwanzoni ni kupanua mkono kwa mazoea. Mkono uliofundishwa vizuri ndio unaoharibu. Fumba vidole kwa makusudi, uteleze polepole, na uache uzi ujipigie.

Pizikato ya Bartók inataka uzi uvutwe wima kutoka kwenye ubao, si kando, ili ukiachiwa ugonge mbao. Col legno ni kupiga nyuzi kwa mti wa upinde badala ya nywele zake. Hapa sina huruma: usitumie upinde wako mzuri. Tafuta wa bei nafuu uwe wa kazi hiyo, kwa sababu mti hukwaruzika na rangi yake hutoka. Kwa sauti ya kukwaruza, ile ya kukandamiza kupita kiasi, kasi ya upinde iwe ndogo sana na uzito uongezwe taratibu. Nguvu ya bega haihitajiki, na ukiumwa bega baada ya dakika tano ujue umekosea. Milio ya kugonga mwili wa chelo igongwe kwa nyama ya kidole, ubavuni au penye ubao imara. Karibu na matundu ya sauti pakwepe, na vua pete.

Sasa Lachenmann. Pression yake ya mwaka 1969, ya chelo peke yake, haikuandikwa kwa noti za kawaida. Mchoro unaonyesha mkono uko wapi kwenye chombo na unafanya nini: unasugua, unabana, unateleza nyuma ya daraja. Sauti ni matokeo. Ukishaipitia hata kurasa mbili, Allegro Sostenuto yake ya klarineti, chelo na piano (1986–88) itasomeka, maana klarineti na piano nazo zimeandikwa kwa fikra ileile: nani anasugua nini, kwa nguvu gani.

Robo toni zisikutishe. Zipige kwanza kama glisando (mtelezo) ya polepole kati ya nusu toni mbili, ukisimama katikati, huku mashine ya kupimia sauti ikikuonyesha senti 50. Ndani ya wiki sikio litazishika bila mashine.

Hatua ya tano: nyuzi zilizopangwa upya

Watunzi hupenda kubadilisha mpangilio wa nyuzi za chelo. Kodály, katika sonata yake ya chelo peke yake ya 1915, aliteremsha nyuzi mbili za chini kwa nusu toni, zikawa B na F kali. Dutilleux, katika Trois strophes sur le nom de Sacher ya 1976, aliteremsha G iwe F kali na C iwe B bemoli. Crumb katika Vox Balaenae anateremsha mbili za chini kama Kodály na kupandisha D iwe D kali.

Jambo la kwanza ni kujua kama nakala inaonyesha vidole au sauti halisi. Andika juu ya mstari wa kwanza kwa herufi kubwa ili usisahau. Pili, uzi ulioteremshwa hautulii mara moja; hupanda na kushuka kwa siku kadhaa. Kama una chelo ya pili, iache katika mpangilio huo mpaka siku ya onyesho. Kama huna, panga mazoezi ya kazi hiyo kwa siku mfululizo badala ya kuirukaruka, na uzi unaopandishwa upandishe kidogokidogo, huku ukiangalia daraja lisiiname kuelekea ubao.

Hatua ya sita: mapigo yanayohama

Chukua mfano huu ukaushike kabisa. Pigo ni 60 kwa dakika. Ndani ya kila pigo una noti fupi tano, yaani noti 300 kwa dakika. Mtunzi anaandika kwamba noti hizo fupi ziendelee kwa kasi ileile, lakini sasa nne ndizo zinazofanya pigo. Mia tatu gawanya kwa nne: pigo jipya ni 75. Hakuna aliyeongeza mwendo kwa hisia. Mwendo umezaliwa ndani ya noti zenyewe. Elliott Carter aliipa mbinu hii uzito katika sonata yake ya chelo na piano ya 1948.

Ifanyie mazoezi kwa mdomo na kiganja kabla ya chelo. Weka metronomu 60, tamka silabi tano kila pigo mpaka ziwe sawasawa, kisha endelea na silabi hizo hizo ukipiga kofi kila ya nne. Halafu badili metronomu iwe 75 uone kama umeangukia papo hapo. Wenye mapigo tofauti kwa wakati mmoja, mfano wewe tano na piano nne, wakubaliane nani ni sakafu. Mwingine ndiye anayejipanga juu yake.

Hatua ya saba: mazoezi ya pamoja

Katika mkutano wa kwanza msipige mwanzo mpaka mwisho. Pigeni sakafu peke yake. Kila mahali, anayeshika sakafu ndiye anayelia na wengine wote wananyamaza, wakimpisha anayefuata. Mtasikia uti wa mgongo wa kazi, pia mtagundua pale watu wawili walipodhani wote ni sakafu, au hakuna aliyedhani hivyo.

Kuhusu sauti kupatana na piano: ukipanga nyuzi zako kwa umbali safi wa noti tano kati ya uzi na uzi, kuanzia A, uzi wa C utakuwa karibu senti 6 chini ya C ya piano. Peke yako ni safi. Pamoja na piano penye C ndefu itasikika imelegea. Panga C kwa piano na ugawanye tofauti kwenye G na D. Hilo likitatuliwa, sehemu ya sita ya Messiaen ndiyo kipimo cha kikundi, kwa sababu wote wanne wanapiga mstari mmoja ule ule kwa umoja, kwa mapigo yasiyo na mizani ya kawaida. Ipigeni kwanza bila klarineti, halafu bila piano, ili kila mtu amsikie aliyekuwa akijificha nyuma yake.

Chelo ikifunikwa, usikimbilie kupiga kwa nguvu. Sauti za kati, nyuzi za D na G, ndizo zinazomezwa na mkono wa kushoto wa piano. Mwombe mpiga piano apunguze kanyagio kabla ya kupunguza sauti. Mara nyingi inatosha. Kaa mahali unapoona mikono yake, si mgongo.

Rekodini kwa simu iliyowekwa mwisho wa chumba. Milio ya hewa, ile inayosikika tamu kwako, hupotea kabisa mita kumi mbele. Afadhali ujue leo.

Hatua ya nane: umeme, kama upo

Kazi zenye maikrofoni au sauti zilizorekodiwa zinahitaji mtu wa ziada, fundi mitambo anayesoma noti au angalau anayefuata namba za vipimo. Mpe nakala wiki kadhaa kabla. Cello Counterpoint ya Steve Reich (2003) inaweza kupigwa na chelo nane, au na mmoja aliye hai pamoja na saba zilizorekodiwa. Ukichagua njia ya pili, rekodi haikungoji. Fanya mazoezi nayo kwa spika ya masikioni katika sikio moja tu, jingine likibaki kwa chelo yako. Maikrofoni ya kubana iwekwe mbali kidogo na daraja, la sivyo kila mkwaruzo wa rozini utakuwa radi.

Hatua ya tisa: siku ya onyesho

Fika mapema kwa ajili ya sakafu, safari hii ile ya mbao. Mguu wa chelo unaoteleza huharibu kila kitu. Beba ubao mdogo au mkanda wa kuushikia. Ndani ya mkoba kuwe na upinde wa pili, viziba sauti viwili, nyuzi za akiba na penseli. Kazi yenye nyuzi zilizopangwa upya iwekwe baada ya mapumziko, ili upangaji ufanyike nyuma ya pazia na si mbele za watu. Crumb anataka wapigaji wa Vox Balaenae wavae barakoa nyeusi za nusu uso. Zijaribuni mkiwa na noti mbele yenu, maana hupunguza upeo wa macho na ishara za pembeni hazionekani tena.

Hadhira isiyozoea isaidie kwa mifano, si kwa mhadhara. Kabla ya kuanza, piga shakwe mmoja na mkwaruzo mmoja, useme vitasikika wapi. Dakika mbili zinatosha.

Kesho yake, kabla alama za penseli hazijafutika, hamishia vidole na makubaliano yote kwenye nakala safi, na orodhesha makosa ya chapa mliyoyakuta. Mpelekee mchapishaji au mtunzi orodha hiyo pamoja na rekodi. Kazi nyingi za kisasa hupigwa mara moja zikaishia hapo. Kikundi chenye nakala iliyosafishwa kinaweza kuirudia baada ya miezi kadhaa kwa mazoezi mawili matatu tu.